Goti la Daeng Liwang na Mpaka wa Mvua

Bontocela si mji, na anayekwambia ni mji anakutania. Ni nyumba chache zilizojibanza kati ya mlima na bahari, na ubavuni mwake umepita mfereji wa kuingizia maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi. Watu wote wanaishi magharibi ya mfereji; mashariki yake kuna mashamba yenyewe, mabanda na farasi wanaojichungia. Mvua za Januari hutoka magharibi zikifuata ufuo, zikafika Bontocela zikawalowesha watu mpaka mifupani, kisha zikakatika hapo hapo, na wenzao wa mashariki wakaendelea kuanika samaki kama hawajasikia kitu. Zinakatikia wapi hasa? Hapo ndipo penye ugomvi, na ugomvi huo ulikuwa na makao yake: kichanja cha mianzi chini ya nyumba ya Daeng Kanang, nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo ndefu. Marehemu mumewe, Daeng Nyonri (huko kila mtu mzima huitwa Daeng kwa heshima), alikitengeneza kwa mianzi iliyobaki siku alipomaliza kujenga. Sasa mjane aliuza kahawa hapo. Yeye alikaa juu jikoni, akisikia kila neno kupitia nyufa za sakafu, na akichoka kusikia alichota kata ya maji akawamwagia wateja kupitia nyufa hizo hizo.

Wateja watatu hawakukosa hata siku moja. Daeng Tompo aliitwa Ramani, kwa kuwa aliwahi kuendesha lori kisiwa kizima. Daeng Naba aliitwa Redio, kwa sababu hazimwi. Na Daeng Liwang aliitwa Goti, kwa vile goti lake la kushoto liliuma kila mvua ilipokaribia, naye akaona hiyo ni elimu.

Asubuhi hiyo walikuwa wameanza mapema.

GOTI: Limeanza.

REDIO: Nini tena?

GOTI: Goti. Mvua iko njiani.

RAMANI: Bwana wee, Januari hii! Hata farasi anajua mvua iko njiani.

GOTI: Farasi anajua ikishamlowesha. Mimi najua kabla.

REDIO: Jana liliuma siku nzima na hakikudondoka kitu.

GOTI: Ilinyesha baharini.

REDIO: Nani aliiona?

GOTI: Goti.

Ngazi ikalia. Daeng Kanang alikuwa anashuka, na mkononi hakuwa na birika. Alikuwa na simu. Wazee wakageuka wote watatu, maana tangu wamfahamu hajawahi kushuka bila birika.

DAENG KANANG: Kahawa baadaye. Daeng Sunggu kapiga simu kutoka Balangrea.

RAMANI: Shangazi yake bwana harusi?

DAENG KANANG: Huyo huyo. Anasema wamekaa kikao. Januari kwetu ni tope tupu, na wageni wao wana viatu vizuri, hawatapanda ngazi yangu wakitiririka maji kama bata. Kwa hiyo mwanangu Jumriah apelekwe kwao, akaolewe huko huko, jua linakowaka.

Huko kwao bwana harusi ndiye anayekwenda nyumbani kwa mwanamke, akapokewa kwenye ngazi kwa kurushiwa mchele, akapandishwa juu. Kumbeba binti ukaenda kumwozesha kwa mume ni kama kutangaza kwamba hana kwao. Daeng Kanang aliketi pembeni ya kichanja, jambo ambalo nalo hakuwahi kulifanya.

REDIO: Tarehe haisogezeki, shemeji?

DAENG KANANG: Kijana karuhusiwa kutoka kazini Kalimantan, ng'ambo ya bahari, siku chache tu. Akirudi kwenye mbao zake huko, tumwone tena lini? Na watu wameshaalikwa.

GOTI: Basi mtafute mtu wa kuzuia mvua.

REDIO: Yule wa harusi ya mwaka juzi? Si alilowa yeye mwenyewe mpaka akaazimwa shuka!

DAENG KANANG: Msinichekeshe, sina moyo wa kucheka. Mnaiona ile nguzo ya kati, kitovu cha nyumba? Siku Nyonri anaisimamisha, Jumriah alikuwa tumboni. Akaipiga kofi, akasema, huyu mtoto ndoa yake itafungiwa hapa. Mimi nikamwambia, na iwe hivyo. Sasa nimwambie nini mtu aliyeko kaburini, kwamba tulishindwa na matope?

Ramani alitazama pembeni, akajikohoza, kisha hasira ikampanda.

RAMANI: Na kwani nani kawaambia Bontocela ni kwenye mvua? Ujinga huo! Bontocela ndiko mvua inakoishia! Ni tofauti kubwa sana!

REDIO: Sema tena hilo!

RAMANI: Magharibi yetu, mvua. Mashariki yetu, jua. Sisi tuko mlangoni. Hakuna kijiji kingine kisiwa hiki kilichowekwa mahali kama petu. Hao wa Balangrea jua lao wanalipata kwa sababu sisi tumeikinga mvua kwa vichwa vyetu!

DAENG KANANG: Sawa. Inaishia wapi?

Vidole vitatu vikanyooka mara moja, kila kimoja na upande wake.

DAENG KANANG: Mungu wangu. Maisha yenu yote mmekaa hapa, na hamjui?

REDIO: Shemeji, ikinyesha tunakuwa hapa chini ya nyumba yako. Nani atoke akatazame?

RAMANI: Sikilizeni, mimi niwafahamishe. Mlima umekaa kama mzee aliyeupa upepo mgongo. Wingu linatoka magharibi, linagonga bega la mlima, linamwaga mzigo. Lori likipanda mlima likazidiwa, utingo anashusha magunia, sivyo? Basi wingu nalo linashusha. Likifika kwenye ule msufi wa barabarani, halina kitu.

REDIO: Msufi! Unatupiga kamba. Mvua inaogopa chumvi.

GOTI: Inaogopa nini?

REDIO: Chumvi! Babu zetu wamepika chumvi hapa kwa jua, nayo imeingia ardhini mpaka chini kabisa. Konokono ukimwekea chumvi anafanyaje? Anajikunja. Wingu ni maji, konokono ni maji. Likinusa mashamba yetu linajikunja, linarudi lilikotoka.

RAMANI: Kwa hiyo bahari haina chumvi? Mbona inanyesha baharini?

REDIO: Chumvi ya bahari haijaiva.

RAMANI: Loo! Haijaiva!

GOTI: Nyote hamjui kitu. Mvua haitoki kwenye mlima wala haiogopi chumvi.

REDIO: Haya, inatoka wapi?

GOTI: Nasema hivi: mnadhani goti linauma kwa sababu mvua inakuja. Je, kama mvua inakuja kwa sababu goti linauma?

Redio akamtazama Ramani.

REDIO: Huyu apelekwe hospitali.

GOTI: Mwaka ule lilipochuliwa mafuta likapoa, ukame haukuja?

RAMANI: Ulikuja.

GOTI: Basi.

Daeng Kanang alisimama. Alikuwa ameyasikia mambo haya miaka na miaka kupitia sakafu, na siku zote yalimwingia sikio hili yakatokea lile. Leo kuna kitu kilikwama. Alitazama ng'ambo ya mfereji, kwenye kiwanja kidogo cha marehemu kando ya banda la chumvi, kisha akazitazama nguzo za nyumba yake moja baada ya nyingine, kama mtu anayepima ng'ombe sokoni.

DAENG KANANG: Kama kuna mahali mvua inakatika, basi nyumba yangu itakwenda kukaa baada ya hapo.

REDIO: Shemeji?

DAENG KANANG: Nyumba nzima. Na kitovu chake. Sitoki nyumbani kwangu kwenda kumwozesha mtoto. Nyumba ndiyo itakayotoka. Ijumaa, watu wakishaswali. Nyie mna mabega au mna midomo tu?

RAMANI: Lakini hii nyumba ina mbao za—

DAENG KANANG: Mabega au midomo?

RAMANI: Mabega, shemeji.

Kuhamisha nyumba kwa kuibeba si ajabu huko. Kila mtu amewahi kuweka bega. Ila watu hubeba nyumba wakifuata barabara, au wakimkimbia mkwe. Kubeba nyumba kuikimbia mvua, tena kuipitisha ndani ya mfereji, hilo lilikuwa jipya. Na lilibaki swali lile lile, nyumba itue wapi. Redio alishauri hatua kidogo kupita mfereji, Ramani akang'ang'ania msufi, na walipokuwa karibu kushikana mashati Daeng Kanang akamgeukia Goti.

DAENG KANANG: Linauma sasa?

GOTI: Hapa nilipo silali nalo.

DAENG KANANG: Haya, simama. Tembea.

Wakaondoka, Goti mbele akichechemea, wengine nyuma. Mawingu yalikuwa yamejazana magharibi, meusi, yamesimama tu. Majirani waliouona msafara huo walidhani kuna msiba.

REDIO: Hapa?

GOTI: Linauma.

RAMANI: Hapa ukingoni?

GOTI: Linauma zaidi.

Wakavuka mfereji, maji yakiwafika magotini, Goti akilalamika kwamba sasa hajui kama anaumwa au anahisi baridi. Wakapanda ng'ambo. Wakapita ukingo, wakapita rundo la majani ya mti wa mvumo, wakaingia kiwanja cha marehemu. Hapo Goti akasimama. Akanyanyua mguu. Akaukunja, akaukunjua.

GOTI: Loo.

DAENG KANANG: Nini?

GOTI: Limenyamaza.

REDIO: Acha mzaha.

GOTI: Wallahi limenyamaza. Ngoja nirudi.

Akarudi hatua mbili, akauma meno. Akaja tena mbele, uso ukamkunjuka. Daeng Kanang hakungoja ushauri mwingine. Alikuwa ametoka jikoni na mwiko wa wali kiunoni bila kujua, akauchomoa, akauchomeka ardhini pale pale.

RAMANI: Shemeji, nyumba ya watu inajengwa kwa goti la Liwang?

DAENG KANANG: Una kiungo chako kinachojua zaidi, kilete.

Ramani hakuwa nacho.

Ijumaa ilipofika, wanaume walitoka msikitini na kofia zao, wakakunja sarungi zao viunoni. Mianzi mikubwa ikafungwa kwenye nguzo, mirefu na ya kukingama, mpaka nyumba ikawa kama imewekewa mbavu za nje. Vyombo vilishatolewa. Jumriah na wanawake wenzake walikuwa ng'ambo tayari, wanachemsha ndizi za kusaga kwenye majani ya mgomba kwa ajili ya wabebaji. Redio akasimamishwa mbele kuitia wimbo, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza kijiji kizima kumwomba aongeze sauti. Goti aliambiwa apumzike. Akakataa, akaingia chini ya mwanzi na goti lake. Daeng Kanang alitangulia mbele ya wote, na kitu pekee alichobeba ni birika la kahawa.

— Nyumba ya nani? alipaza Redio.

— Ya Jumriah! waliitikia wanaume.

— Inakwenda wapi?

— Juani!

Nyumba ikanyanyuka. Paa likayumba, mbao zikalia, vumbi la miaka yote likamwagika juu ya kofia za watu. Daeng Kanang aligeuka akaiona nyumba yake ikimfuata kwa miguu ya watu, akajikuta anacheka na machozi yanamtoka. Ramani alikuwa anaelekeza kwa mikono yote miwili.

— Mashariki kidogo! Mashariki!

— Sema kushoto au kulia, mzee! Mashariki ndiyo wapi nikiwa chini ya nyumba?

— Mashariki ni mashariki!

Wakakizunguka kichanja bila kukigusa, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imezikwa ardhini na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukifikiria. Wakashuka mfereji. Hapo kelele zilikatika, zikabaki pumzi. Matope yaliwavuta, ndala za mtu zikabaki huko na hazijaonekana mpaka leo. Nyumba iliinama upande wa bahari. Daeng Kanang alilikumbatia birika kifuani, akasema kimoyomoyo, Nyonri, shika na wewe.

— Nyumba ya nani! Redio alipasua koo.

— Ya Jumriah!

— Inakwenda wapi!

— Juaaani!

Ikapanda ukingo. Ikatua kwenye kiwanja cha marehemu, na nguzo ya kitovu ikasimama pale ulipokuwa mwiko. Wanawake walipiga vigelegele mpaka farasi wakakimbia. Watu walikula ndizi zao, wakanywa kahawa wamesimama, wakapongezana kama waliorudi vitani.

Baada ya hapo mvua ikagoma. Siku zikapita, mawingu yanakuja, yanatazama, yanaondoka. Daeng Kanang alianza kukosa usingizi. Kijiji kizima kimevunjika mabega, na hakuna ajuaye kama nyumba imekaa kwenye jua au kwenye goti la mtu. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia yeyote. Nyumba ilikuwa kimya. Alizoea kuchambua mchele huku sakafu inaongea. Sasa chini kulikuwa na upepo na kuku. Wazee walibaki kule kwenye kichanja chao, mahali pa wazi, chini ya mbingu, kila mmoja akingoja mwenzake akichimbue.

— Shemeji! Kahawa! walipaza kutoka ng'ambo.

— Njooni muichukue, na kichanja mkilete!

— Ramani anasema kukileta ni kazi ya Redio!

— Redio anasema ni kazi ya Goti!

— Goti linauma huko au haliumi? aliuliza Daeng Kanang.

— Huku linauma!

Siku ya harusi ikaamka na wingu zito upande wa magharibi, safari hii likiwa na ngurumo. Watu wa Balangrea walifika kutoka mashariki na viatu vyao vizuri, vumbi tupu, wakiwa wamebeba zawadi kwenye vikapu. Mbele yao Daeng Sunggu, mwanamke mrefu mwenye miwani, aliyetazama nyumba, akatazama wingu, akatabasamu.

DAENG SUNGGU: Mwenzangu, nilikushauri vizuri tu. Sasa tutaloa.

DAENG KANANG: Karibu kwanza, mkwe. Pandeni.

DAENG SUNGGU: Mnasema mmeihamisha? Hapa na pale kuna tofauti gani? Naweza kurusha kandambili ikafika.

Daeng Kanang alirusha mchele, bwana harusi akapanda ngazi, watu wa Balangrea wakamfuata, wakajaa mpaka kwenye baraza. Wasaidizi wa harusi wakatandika mikeka nje kwa wageni waliozidi. Ramani, Redio na Goti walikuwa wameaga tangu asubuhi. Walikwenda kusimama ukingo wa magharibi wa mfereji, waione mvua inapokatika kwa macho yao wenyewe, na ugomvi wa maisha yao yote uishe leo.

Ikaja. Kwanza harufu, kisha sauti juu ya mapaa ya mbali, kisha pazia jeupe likitembea barabarani. Ikala nyumba ya kwanza ya kijiji, ikala ya pili. Wageni waliokaa kwenye mikeka wakaanza kusimama wakishika viatu. Daeng Kanang alikuwa amesimama dirishani ameishika nguzo ya dirisha kwa mikono miwili. Mvua ikafika kwenye kiwanja chake cha zamani, ikapiga mfereji ukachemka kama sufuria, ikapanda ukingo wa huku, ikalilowesha rundo la majani ya mvumo.

Ikasimama.

Haikupungua, haikufifia. Ilisimama pale kama mtu aliyefika mlango wa watu akakumbuka kuvua viatu. Huku mikeka ilikuwa mikavu. Huku kulikuwa na jua, na vumbi kwenye viatu vya Balangrea lilikuwa vumbi lile lile.

Ukelele uliotoka pale ulisikika mpaka kwa wavuvi. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakarusha kofia, mtu akakimbia kwenda kuweka mkono mmoja mvuani na mwingine juani, na wote wakataka kufanya hivyo. Jumriah, amevaa dhahabu zake na hatakiwi kucheka, alicheka. Daeng Kanang aliipiga kofi nguzo ya kitovu kama alivyoipiga mumewe.

DAENG KANANG: Umeona? Umeona, Nyonri? Hatukushindwa!

Daeng Sunggu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisogea dirishani akatazama mvua kwa muda. Mtu mkubwa ni mtu mkubwa. Alimshika mwenzake bega.

DAENG SUNGGU: Nimekubali, mkwe. Nyumba imekaa mahali pake. Ila nina swali moja.

DAENG KANANG: Uliza.

DAENG SUNGGU: Wale wazee watatu pale ng'ambo, wamekaa kwenye mvua wanafanya nini?

Watu wote walisogea kutazama. Na kweli. Katikati ya kiwanja kitupu, mvua ikiwapiga utosini, Ramani, Redio na Goti walikuwa wamekaa kwenye kichanja chao, wamejipanga vizuri, mikono magotini, wanatiririka. Tone la kwanza lilipodondoka miguu ilifanya ilichofanya miaka yote: iliwakimbiza mpaka chini ya nyumba ya Daeng Kanang. Walipoketi ndipo walipotazama juu. Na baada ya hapo, nani angekuwa wa kwanza kusimama?

Watu waliangaliana tu, wengine wakabana midomo.

Sauti ya Redio ikavuka mfereji.

— Shemejiii! Imekatikia wapi?

— Si mlikwenda kuiona! alijibu Daeng Kanang.

— Hatukuiona! Tulikimbia mvua!

Hapo nyumba ilipasuka kwa kicheko, Balangrea na Bontocela pamoja, mpaka kadhi akashika ndevu. Daeng Kanang alichukua birika, akashuka mpaka ngazi ya mwisho, akaliinua juu walione.

— Kahawa iko huku!

Wazee walinong'onezana. Kisha waliinama wote watatu, wakashika miguu ya kichanja, wakavuta. Ardhi ilikuwa imelowa ikawa laini, nayo ikakiachia bila ubishi. Wakakiinua kichanja juu ya vichwa vyao, kikawa paa, wakaanza kuteremka mferejini, Goti katikati.

— Kichanja cha nani? Redio aliita kutoka chini yake.

Watu wa Bontocela walijua la kujibu bila kufundishwa.

— Cha Nyonri!

— Kinakwenda wapi?

— Juani! waliitikia, na safari hii Daeng Sunggu naye alikuwamo, sauti yake kubwa kuliko zote.

Walikitua chini ya sakafu ya nyumba, mahali pake, wakakalia maji yao wenyewe. Daeng Kanang aliwamiminia, kisha akapanda juu, kwa maana kadhi alikuwa anangoja. Jumriah aliwekwa upande wa pili wa pazia, karibu na nguzo ya kitovu. Bwana harusi akakaa chini, akashikana mkono na walii wa Jumriah. Kadhi akaomba utulivu. Juu kukawa kimya kabisa, na ndipo chini kukasikika vizuri.

— Nilisema itakatikia baada ya mfereji.

— Ulisema konokono!

— Konokono ni mfano!

— Nyinyi semeni mnavyotaka, goti langu ndilo lililoiweka nyumba hii.

— Kwani sasa hivi linauma?

— Subiri... la kushoto halina kitu. Ila la kulia limeanza.

— La kulia linaashiria nini?

— Mvua ya mashariki.

— Mungu wangu! Waambieni watu wasiifungue mianzi!

Kadhi alifumba macho, akayafumbua. Wanawake walimgeukia Daeng Kanang, kwa kuwa kila mtu kijijini alijua dawa ya kelele zile. Mkono wake ulikuwa umeshakwenda kwenye kata ya maji kwa mazoea. Aliishika, akasikiliza kidogo sakafu yake ikiongea chini ya miguu yake, kisha akairudisha mtungini.

— Endelea tu, kadhi, alisema. Sasa nyumba imefika.